Mkono wa Kulia wa Maroa Bichage

Mume wangu hakupoteza mkono kwa bunduki. Naanza na hilo kwa sababu siku tulipomzika, mwaka wa tisini na tisa, mtu ambaye hakuwahi kuketi mezani petu alishika kipaza sauti akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa fundi wa magobore, kwamba gobore moja lilimlipukia akilijaribu nyuma ya nyumba, na kwamba bila yeye ng'ombe wa upande wetu wangekwisha. Wengine walipiga makofi. Wengine, waliotoka ng'ambo ya mto, walitazama chini. Wote walikuwa wameamini uongo uleule. Binti yangu Liz, aliyesimama karibu na jeneza la baba yake, alinigeukia akitaka niseme neno. Sikuona heshima yoyote katika kujibizana na mtu kando ya kaburi. Najibu sasa.

Jina langu ni Roseline. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu karibu na Oyugis, na mimi nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi huku Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapo ndipo nilipoolewa na Maroa Bichage, mhunzi, mtoto wa mhunzi. Kwetu walishangaa. Mjomba wangu aliuliza kama wanaume wote wa Kasipul wamekwisha. Baba mwenyewe alifunga safari kuja kumwona mkwe wake, akamkuta amejaa masizi akinyoosha plau iliyopinda. Akaketi kwenye gogo, akatazama mpaka kazi ikaisha, kisha akaniambia, "Angalau huyu nitajua mahali alipo mchana kutwa."

Na ni kweli. Maroa hakuwa mtu wa kuzurura. Alitengeneza majembe, plau, kengele za ng'ombe, na sururu za wachimba dhahabu wa Osiri, ambao walizirudisha butu kana kwamba walikuwa wakizitafuna. Chuma alikinunua Migori mjini kwa Abdinasir, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mpole aliyependa utani wa polepole. Jumamosi mume wangu alivaa koti akaenda nami kanisani. Sisi ni Wasabato. Yeye alibatizwa baada ya harusi yetu, na mivukuto yake ililala kuanzia Ijumaa jua linapozama.

Lakini ukoo wa wahunzi una masharti yake, na ubatizo haukuyaondoa. Katika ukoo wa mume wangu, mteja hampi mhunzi chuma mkononi. Anampa mama wa banda, yaani mwanamke mkubwa wa mji ule, naye anakipokea kwa mikono miwili na kukilaza kando ya mivukuto kama kilivyokuja, bila kukifungua. Kikishalazwa hapo, hakitoki kabla hakijatengenezwa. Wakikitoa kibovu, wanaamini kitamdai mtoto wa nyumba ile roho yake. Na mkono uliokitengeneza mara ya kwanza unakuwa mkono wake. Kikivunjika tena kinarudi kwa mhunzi yuleyule, na mhunzi mwingine wa ukoo hawezi kukigusa.

Nilimwuliza Maroa, tukiwa bado wageni katika ndoa, kama kweli anayaamini hayo.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo hata mbele ya watu. "Wewe Ijumaa unaacha chungu jikoni kwa sababu jua limezama. Nimewahi kukuuliza jua linajuaje siku?"

Sikuuliza tena.

Mama wa banda alikuwa mama yake, Nyasuguta, mjane kama nilivyo mimi leo. Mwanamke mfupi, mkali wa maneno, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mwanaume. Aliniita Nyar Kasipul, binti wa Kasipul, kwa lugha ya kwetu, ili nisisahau kwamba anajua nilikotoka.

Wizi wa ng'ombe ulikuwepo kabla sijafika. Zamani watu walifuata kwato kwa mishale na mikuki, wakapigana kidogo, wazee wakaketi, ng'ombe wakarudi au wakalipwa. Katika miaka ile ya tisini mambo yakabadilika. Bunduki halisi zilivuka mpaka, na waliokosa za kununua wakaanza kujiundia magobore. Abdinasir aliniambia siku moja, nikiwa nimesimama kwenye kaunta yake, "Mama Liz, naona watu wa kwenu wote wanachimba visima. Mabomba ya maji yanaisha dukani. Mimi sijaona maji." Alisema huku akipanga misumari, hakunitazama. Nilipomweleza Maroa, akasema kwamba yeye ananunua nondo na springi za gari, si mabomba ya kutengenezea mitutu, na Abdinasir anajua.

Mpaka hapo mume wangu alikuwa hajagusa bunduki ya mtu yeyote. Nataka hilo lieleweke.

Aliyeleta balaa ni Ogeto. Yeye na Maroa walitahiriwa msimu mmoja, na huku wanarika ni zaidi ya ndugu. Ogeto ndiye aliyewaongoza wanaume waliolinda mifugo ya upande wetu. Alikuja siku ya soko, akijua Maroa yuko Migori. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa uani nikipukuchua mahindi na Nyasuguta. Ogeto alibeba gunia begani, na ncha ya plau ilichungulia mdomoni mwa gunia.

"Mama, nimekuletea mgonjwa."

"Wewe kila siku ni wagonjwa," Nyasuguta akamjibu. "Plau yako inalima mawe?"

"Inalima kile Mungu alinipa."

"Basi Mungu alikupa mawe. Lete."

"Shemeji," Ogeto akanigeukia mimi, "huyu mama akifa nani atanitukana vizuri hivi?"

"Utakuwa umetangulia," Nyasuguta akasema, nasi tukacheka. Alijifuta mikono kwa shuka, akapokea gunia kwa mikono miwili, akayumba kidogo. "Hii plau imenenepa," akasema, lakini alikuwa akicheka bado. Akalilaza kando ya mivukuto. Mama wa banda hafungui. Hilo Ogeto alilijua vizuri kama jina lake.

Maroa aliporudi jioni, jua likiwa bado juu, alifungua gunia akatoa jembe la plau, na chini yake akakuta gobore lililovunjika. Alikaa kwenye gogo lile alilowahi kukalia baba yangu. Nyasuguta alisogea, akaona, akajifunika mdomo kwa shuka.

"Mrudishie," nikasema.

"Limepokelewa."

"Litupe mtoni."

"Mwalimu, limepokelewa. Mama amelilaza hapo." Alimtazama Liz aliyekuwa akicheza na magunzi ya mahindi uani, kisha akanitazama mimi. "Wewe una mtoto mwingine?"

Sikuwa na mtoto mwingine.

Nyasuguta hakula siku ile wala siku iliyofuata. Sikuwahi kumwona mtu akiitazama mikono yake jinsi alivyoitazama yeye, kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine.

Maroa alilitengeneza. Sifichi. Alilitengeneza hilo moja, akiwa amefunga mlango wa banda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ogeto akaja kulichukua akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Maroa hakumwamkia. Alimwambia tu, "Ulimdanganya mama yangu."

"Sikusema uongo," Ogeto akajibu. "Plau ilikuwa ndani. Si ilikuwa ndani?"

Kabla ya mvua za masika ng'ombe wa upande wetu walichukuliwa, na Ogeto na watu wake wakafuata mpaka mtoni. Upande wa pili walimwona kijana akikimbia na ndama. Gobore lile likafyatuliwa. Baadaye ilijulikana kwamba ndama alikuwa wake mwenyewe, alikuwa akimwondoa kwenye vurugu. Kijana akafa. Gobore nalo likavunjika palepale lilipofyatuliwa, na wiki hiyohiyo Ogeto akaingia uani nalo, safari hii bila gunia.

"Maroa, mtoto wako amerudi nyumbani."

"Si mtoto wangu."

"Muulize mama yako. Alikuja mgonjwa, mkono wako ukampa uzima. Mwingine atamshika?" Akaliegemeza kwenye mlango wa banda. "Na vijana wanataka mengine. Hayo utaanza mwanzo kabisa, na utapata heshima. Upande wa pili sasa watakuja kulipiza. Unataka tuwapokee na fimbo?"

Maroa hakusema ndiyo. Hakulitengeneza. Lilikaa pale mlangoni, na kila mteja aliyeleta jembe aliliona. Baada ya muda wateja wa majembe wakaacha kuja. Wachimba dhahabu wakapeleka sururu zao kwingine. Nilipoingia darasani, watoto wa huku kwetu walinisalimu kwa furaha iliyozidi, na watoto waliovuka mto kuja shule hawakunisalimu kabisa. Kabla ya muhula kwisha hawakuvuka tena.

Kisha chifu akamwita. Chifu Jared alikuwa amesoma shule moja na kaka yangu, kwa hiyo nilifuatana na mume wangu nikidhani nitapewa masikio. Alitupa soda, akauliza habari za Oyugis, akafunga dirisha.

"Nasikia una mgonjwa mlangoni," akamwambia Maroa.

"Njoo umchukue, chifu. Nitashukuru."

"Nikimchukua nitapata gobore moja bovu na mhunzi mmoja. Wakubwa watanicheka. Wewe endelea na kazi. Tengeneza. Halafu uniambie nani amekuletea, nani amechukua. Polepole tu."

"Chifu," nikasema, "unajua watamfanya nini wakijua?"

"Mwalimu, mimi naongea na mhunzi."

"Na nikikataa?" Maroa akauliza.

"Basi huyo mgonjwa ni wako, uko naye mlangoni kwako, na kijana wa watu amekufa kwa kazi ya mkono wako. Hiyo kesi naweza kuiandika hata nikiwa nimelala."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na shule nilimwambia kwamba ninaweza kuomba uhamisho Homa Bay, tuondoke sote, na mama pia.

"Nitaondoka na nini?" akaniuliza. Akainua mkono wa kulia. "Si nitaondoka na huu? Chuma kitanifuata. Ogeto atanifuata. Na mama hataacha banda ambalo baba alizikwa mlangoni pake. Wataliunguza akiwa ndani."

Nilikuwa nimezoea kupata majibu. Shuleni waliniletea hata walimu wenzangu mambo yao. Siku ile nilimchukia kidogo kwa kuninyima jibu.

Wa mwisho kuja walikuwa watu wa ng'ambo ya mto. Walikuja mchana mweupe, wazee watupu, wakiongozwa na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa baba wa yule kijana. Walivua kofia. Nyasuguta akawapa chai, nao wakainywa yote, wakasifu maziwa.

"Hatukuja kugombana," mzee akasema. "Tumesikia mkono ni mmoja. Uliwatengenezea wao, sasa ututengenezee na sisi. Tukilingana, hakuna mtu atavuka tena. Hiyo ndiyo amani tunayoijua."

"Sitengenezi bunduki," Maroa akasema.

"Mwanangu hakuambiwa hivyo."

Mzee akatoa kifurushi kilichofungwa kwa blanketi, akamnyooshea Nyasuguta. Nyasuguta alikuwa kwenye kigoda. Aliinua mapaja yake, akaingiza mikono chini, akaikalia.

"Mama," mzee akasema kwa upole, "chai umetupa kwa mikono gani?"

"Ile ilikuwa mikono ya chai."

Mmoja wa wazee alicheka, akajizuia. Mzee wa koti hakucheka. Alikirudisha kifurushi kwapani taratibu. "Sisi tunaheshimu dini za watu," akasema. "Kesho kutwa ni Sabato yenu. Tutakuja Jumapili. Kama mikono ya mama itakuwa imechoka kukaliwa, tutashukuru. Kama haitakuwa, tutajua kwamba mmechagua."

Sasa mtu yeyote apime mwenyewe. Akiwatengenezea hawa, Ogeto angemwua kabla ya kazi kupoa. Akiwakataa, hawa wangemwua. Akimwambia chifu, wote wangemwua; asipomwambia, chifu angeandika kesi akiwa amelala. Akikimbia, mama yake angebaki. Mume wangu alizunguka ua ule siku ya Alhamisi na ya Ijumaa kama ng'ombe wa kukamua miwa, akipita palepale, na kila alipofika mlangoni mwa banda gobore lile lilikuwa limeegemea linamngoja.

Ijumaa adhuhuri alimwuliza mama yake, nami nikisikia, "Mama, mkono ukifa?"

Nyasuguta alikuwa akichambua mboga. "Mkono wa nani?"

"Wa mhunzi. Mhunzi akiwa hai, lakini mkono umekufa."

Alichambua majani kadhaa kabla hajajibu. "Babu yako alipooza upande mmoja. Chuma chake chote kilifunguliwa siku ile. Hakuna aliyemdai kitu tena. Hata mimi nilikuwa nimeolewa hapa tayari, niliona." Kisha akatazama sakafu, akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa wa kulia."

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikimvalisha Liz gauni la kanisani. Nyasuguta aliingia akiwa amejifunga shuka yake mpya. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kukanyaga kanisani kwetu. Alituita watu wanaomnyima Mungu usingizi Jumamosi.

"Mtoto nitaenda naye mimi," akasema. "Nyar Kasipul, wewe baki."

Akamshika Liz mkono, wakateremka njia ile ya kanisani, bibi na mjukuu. Hakugeuka nyuma.

Ibada ilipokwisha, waliotoka kanisani walimkuta Maroa ameketi kwenye gogo nje ya banda, ameegemea ukuta, mkono wa kulia umezungushiwa kitambaa changu cha kichwani. Hakulia. Alikuwa ameuma kipande cha ngozi ya mivukuto, na alama za meno zilibaki kwenye ngozi ile. Jirani alikimbia kumwita Abdinasir, ambaye siku ile alikuwa ameleta mabati kwenye duka la jirani. Alimlaza mume wangu nyuma ya pikapu juu ya turubai jipya, akatupeleka hospitali. Njiani alipunguza mwendo mara moja tu, akanitazama kwenye kioo.

"Mama Liz, nikiulizwa niseme nini?"

"Sema ulichokiona."

"Nimeona mkono."

"Sema hivyo."

Daktari alilazimika kuukata juu ya kifundo. Alitoka akaniambia, nami nayaandika maneno yake kwa sababu ndiyo yanayofuta uongo wa yule msemaji wa mazishini: hapana baruti hapa, mama, wala ngozi haikuungua. Mifupa imepondwa kwa kitu kizito, kama vile mkono ulikuwa umewekwa juu ya chuma kingine. Akanitazama. Nikamwuliza kama naweza kumwona mgonjwa.

Wazee wa ng'ambo walikuja Jumapili kama walivyosema. Nyasuguta aliwapokea peke yake. Alinisimulia kwamba mzee wa koti aliuliza swali moja, "Wa kulia?" naye akajibu, "Wa kulia." Mzee akaitazama fuawe, chuma kile cha kugongea, kisha akasema, "Basi," wakaondoka na kifurushi chao. Ogeto alikuja siku nyingine. Nyasuguta alilichukua gobore kwa kucha za vidole, kama mtu anavyoshika panya aliyekufa, akamtupia miguuni. Hakuna mhunzi wa ukoo aliyelipokea tena. Chifu aliandika kwamba ni ajali ya kazini, ingawa alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba hakuna kazi iliyowahi kufanyika katika banda lile siku ya Sabato.

Hatukuwa na sababu ya kubaki, na sasa hatukuwa na kitu cha kutufuata. Nilipata uhamisho Homa Bay. Nyasuguta alibaki na banda lake, na hakuna aliyeliunguza. Maroa alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akawa mzee wa kanisa, akamfundisha Liz kuhesabu kwa mawe ya ufukweni. Watu walimpenda. Hawakujua kwamba kulikuwa na barabara moja mjini ambayo hatukuipita kamwe, ile ya mafundi wa jua kali wanaogonga mabati na masufuria. Kila nyundo ilipoanguka, mkono usiokuwepo ulimuuma, akasimama akaushika hewani. Tulizunguka mji mzima kwenda sokoni. Nami nilizunguka naye, wala sikuwahi kumwambia kwamba sauti ile hata mimi siwezi kuivumilia.

Malaria ilimchukua. Tulimrudisha nyumbani kumzika kando ya baba yake, na mtu yule akashika kipaza sauti.

Najua maneno yanayofuata baada ya uongo wa gobore kuanguka, kwa sababu yameshaanza. Kwamba mkono wa kushoto wa mtu hauna nguvu ya kuuponda wa kulia hivyo. Kwamba mwalimu naye hakuonekana kanisani Sabato ile. Kwamba bibi mzee hakwenda kusali bure. Liz mwenyewe ameniuliza, hapa mezani, nikisahihisha madaftari, nami nilimpa jibu hilihili ninaloliandika.

Baba yako hakuwa fundi wa bunduki. Alitengeneza moja, kwa hila ya rafiki, na alikataa nyingine zote kwa gharama uliyoiona. Aliondoka kwenye banda lile akiwa mtu safi.

Nani alishika nyundo, sitasema.